Ijumaa Ambayo Mama Mutinda Hakula

Mama Mutinda alizikwa Kyuso, Ukambani, mwezi uliopita, na kabla udongo haujakauka kaburini picha yake ilikuwa tayari inazunguka kwenye simu za watu. Mimi nilitumiwa na zaidi ya mtu mmoja, kila mmoja akidhani ananifariji. Haikuwa picha aliyopigwa kwenye arusi ya mwanawe, wala ile ya kanisani akiwa na suti ya bluu. Ilikuwa ile ya vumbi: ameinama juu ya uteo, kilemba kimelegea, rinda la kazi limetoboka begani, macho ameyafinya kwa sababu ya makapi. Chini yake Sheila, mwanablogu niliyewahi kumwita dada, alikuwa ameandika, "Pumzika, mama yangu wa Kyuso. Ulinifundisha maana ya njaa." Nilikuwa jikoni. Niliweka simu kifudifudi, nikaepua chai kabla haijachemka. Mama yake! Mwanamke aliyekuwa na ghala la ndengu na boma la mbuzi, aliyesomesha watoto wake wote bila kumpigia mtu magoti, huyo ndiye aliyemfundisha Sheila njaa? Binti yangu aliniuliza kwa nini namkasirikia mtu anayeomboleza. Nikamwambia aketi nimweleze. Alikuwa na haraka zake, hakuketi, kwa hivyo naandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa bado kijana, na blogu ndizo zilizokuwa zimeshika moto. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo pale sokoni Kyuso, chumba chenye dirisha lililotazama ukuta. Upande mmoja ulijaa magunia ya ndengu mpaka darini, upande wa pili kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na meza ya kompyuta. Ukilala ulinusa gunia, ukiamka ulinusa gunia. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Wakati wa mavuno madalali walikuja na lori na mizani yao wenyewe, wakataja bei hata kabla ya kushuka garini, na mkulima aliyekuwa ameinama shambani msimu mzima akachukua alichopewa kwa sababu karo haingoji. Mimi nilitaka kununua kwa bei ambayo mtu anaweza kuitaja mbele ya mke wake bila kuangalia chini, nisafishe ndengu, nizipakie vizuri, niziuze moja kwa moja kwa watu wanaozipika. Watu waliniambia nina kichwa kigumu. Ni kweli, na mpaka leo sijaona biashara iliyojengwa na mtu mwenye kichwa laini.

Mama Mutinda ndiye mkulima wa kwanza aliyekataa kumwuzia dalali akaniuzia mimi, na alipoona jinsi nilivyokuwa nachambua ndengu zangu alicheka mpaka akashika mlango. Kesho yake alikuja na uteo wake na akina mama wenzake wa kanisani. Walitandika mikeka uani, yeye akakaa karibu na mlango wangu mahali penye mwanga, na kuanzia siku hiyo hakuna kilo iliyotoka Kyuso kabla hajaipitisha mikononi mwake. "Mumbua, ukimwuzia mtu jiwe atakukumbuka kwa jino," aliniambia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Mchana tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, uliopikwa na maharagwe na majani ya kunde, tukanywa chai ya maziwa mengi, na mazungumzo hayakukatika: nani ameezeka mabati, mke wa nani amerudi kwao, mhubiri gani anahubiri kwa muda mrefu siku ambayo mkewe hajapika. Mimi nilikuwa ndani nikiandika, nao wananisema makusudi kwa sauti ili nisikie. "Huyu atazeeka akiangalia hiyo tivi yake," mmoja alisema. Mama Mutinda akamjibu, "Muache. Hiyo tivi ndiyo inakulipa."

Blogu niliianza kwa sababu sikuwa na uwezo wa kununua matangazo. Niliandika yale yale niliyokuwa nayasikia uani, jinsi ya kupika ndengu zisigeuke uji, jinsi ya kuzihifadhi na jivu, na kwa nini ndengu za Kyuso huiva haraka. Kwa muda mrefu nilijiandikia mwenyewe. Halafu Sheila, aliyekuwa na blogu ya mapishi huko Nairobi, akaniachia maoni chini ya makala moja, marefu na ya kirafiki, nami nikamjibu, tukawa tunaandikiana kila siku. Alikuwa mwerevu, sitamnyima haki yake. Ndiye aliyeniambia nisikae kwangu nikingoja wageni, niende kwenye blogu za wengine, nisome wanachoandika, niseme neno la maana, nao watakuja. Nilielewa papo hapo, kwa sababu hiyo kwetu ni mwethya: leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu, na asiyekwenda kwa wenzake siku yake ikifika analima peke yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua gunia nilikwenda kulima kwa watu. Niliuliza hali ya mtoto aliyekuwa akiota meno Eldoret. Nilibishana na mwalimu mmoja wa Thika kuhusu vitunguu. Bi Rukia, mke wa mfanyabiashara mmoja Mwingi ambaye wazazi wake walitoka pwani, alinitumia njia yake ya kupika ndengu kwa nazi, nikaiandika na jina lake, naye akaagiza za kuuza dukani kwao. Watu walinunua kwa sababu walinijua. Nilijisikia nimegundua namna ya kufanya biashara bila kuwa mwizi, na Sheila nilimwita dada kabla sijamwona kwa macho.

Novemba, mvua ikiwa imechelewa, Sheila aliandika kwamba anataka kuja kuniona na kwamba ataleta wanablogu wenzake. Nilimwomba waje Jumamosi. Akasema Jumamosi ana arusi, watakuja Ijumaa. Sasa Ijumaa za mwezi huo zilikuwa na mambo yake. Kanisa la akina mama hawa, lenye matawi Ukambani kote, lilikuwa limetangaza maombi ya mvua, na kuanzia Alhamisi jioni hadi Ijumaa jioni walifunga. Hakuna aliyelizungumzia. Nilijua tu kwa sababu siku hiyo jiko la chai halikuwashwa uani na vicheko vilipungua. Kwao mtu aliyefunga hajitangazi. Akijitangaza ameshalipwa na watu, Mungu hana deni naye tena. Nikasema vai thina, hakuna shida, wageni nitawapikia mimi. Nikachinja kuku, nikapika chapati na ndengu. Mama Mutinda alikuja na rinda lake zuri la kitambaa kinachong'aa, kwa sababu alisikia kutakuwa na picha, na alikaa nalo asubuhi yote. Wageni walichelewa. Kazi ilikuwa inangoja, basi akaenda akabadilisha, akavaa rinda la kazi, akaanza kupepeta. Ndipo walipofika.

Akawaambia wamngoje avae vizuri. Sheila akasema, "Hapana mama, kaa tu hivyo hivyo. Iko natural kabisa." Mama Mutinda hakuwa mtu wa kubishana na mgeni, akakaa. Baadaye, nilipokuwa nje nikiwamwagia wengine maji ya kunawa, Sheila alimpelekea sahani ya chakula. Akina mama waliokuwa kwenye mkeka walinieleza mazungumzo yote, na walinieleza sawasawa wote. Mama Mutinda alisema asante, yeye hatakula. Sheila akamuuliza alikula lini mara ya mwisho. "Jana," akasema. "Jana saa ngapi?" "Jana kabla jua halijatua." Na leo atakula lini? "Mungu akipenda, jioni." Kila neno lilikuwa la kweli. Sheila alifuta machozi, akamkumbatia, na Mama Mutinda alidhani labda msichana amefiwa.

Jumatatu nilifungua kompyuta nikaikuta makala. Kichwa chake kilikuwa hiki: Mama Anayechambua Chakula Asichoweza Kula. Chini yake ile picha, kisha yale maneno, jana, jioni, Mungu akipenda, yamepangwa kwa ufundi mpaka mimi mwenyewe ninayejua ghala lake nilianza kumhurumia. Aliitaja blogu yangu na kuniita dada yake. Mwishoni aliweka namba ya simu ya kutuma michango. Kwa siku chache watu waliomiminika kwenye blogu yangu walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kuja tangu niianze. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta mwaka mzima, na sikukitaka tena. Hakuna aliyeuliza bei ya ndengu. Wateja wangu wa kila mwezi, watu niliowajua kwa majina ya watoto wao, waliniandikia kwamba mwezi huu hawataagiza, wametuma mchango badala yake. Badala yake! Kana kwamba kununua ndengu za mwanamke kwa bei ya haki ni jambo dogo kuliko kumtupia blanketi. Mmoja aliuliza kwa nini ninawafanyisha watu kazi wakiwa na njaa.

Halafu ikaja pikapu. Walikuwa kikundi cha vijana waungwana kutoka Nairobi, wamevaa fulana zinazofanana, na walikuwa wamepita kwa watu wa serikali ya mtaa kwanza, kwa hivyo walifika kwa Mama Mutinda na msafara. Waliteremsha unga, mafuta ya kupikia, sukari, blanketi. Kisha wakateremsha ndengu. Ndio, ndengu! Walikuwa wamezinunua njiani kwa dalali, na gunia lilipofunguliwa wadudu walitoka wakitembea juu. Mama Mutinda alisimama mlangoni kwake, nyuma yake ghala limejaa, akiombwa ashike ncha moja ya gunia ili apigwe picha. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Nilimwendea yule kijana kiongozi nikamwambia huyu mama hana shida ya chakula. Alinishika bega kwa upole, akaniambia, "Tunaelewa, aunty. Wengi huwa wanaona aibu." Mama Mutinda aliwashukuru, akawakaribisha chai, wakanywa wakaenda. Wema wa kukusukumia ukutani hivyo sijui jina lake, lakini najua hauna tofauti na kofi. Zile ndengu alizimwagia kuku wake. Unga alimpelekea mama mmoja mzee ng'ambo ya mto ambaye kweli hakuwa nacho, na ambaye hakuna aliyekuwa amempiga picha.

Nilimpigia Sheila simu nikiwa nimesimama katikati ya magunia. Nilimwambia afute ile makala, aeleze kwamba alikosea. Aliniuliza alikosea wapi. "Dada, si yeye mwenyewe alisema hajakula? Mimi sikuongeza kitu." Nikamwambia hajala kwa kuwa hana chakula ni jambo moja, na hajala kwa kuwa ana sababu zake ni jingine, na angeniuliza mimi niliyekuwa hatua chache kutoka pale. Akasema, "Lakini sis, angalia vile imewatouch watu. Hata blogu yako imekua. Unataka nirudishe watu nyuma?" Nikamuuliza, na huyo mama? "Mama amesaidika, si amesaidika?" Alikuwa anaamini anachosema. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Mwongo ungemkamata kwenye uongo wake, lakini huyu alikuwa ameshika ukweli mmoja mdogo akafanya nao kila alichotaka, na ukimgusa analia kwamba unamwonea. Nilikata simu.

Silaha niliyokuwa nayo ni blogu. Nilikaa nikaandika kila kitu, kanisa, maombi ya mvua, Ijumaa, kufunga. Kabla ya kuichapisha nilimsomea Mama Mutinda, kwa sababu ni jina lake. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua. Kisha akasema, "Toa hapo kwa kufunga." Nikamwambia hapo ndipo penye maana yote, nikipatoa sina la kusema. "Basi usiseme. Nilifunga kwa sababu ya Mungu, sikufunga kwa sababu ya kompyuta." Nikamwambia watu wanamwita ombaomba. "Wacha waite." Nikamwambia Mama, inaniuma. Akaweka uteo chini. "Wakwa, mwanangu, mvua bado haijanyesha. Sasa unataka nikatangaze?" Nilichapisha mistari michache tu: Mama Mutinda hana njaa, hakuomba msaada, anayempenda anunue ndengu zake. Mungu wangu, matusi niliyopata! Eti nilikuwa nimekula michango. Nilikuwa namwonea Sheila wivu. Nilikuwa natumia wazee. Wale wanablogu niliowalimia mashamba yao mwaka mzima walinyamaza, na mmoja wao alinishauri kwa upendo niombe radhi ili nisipoteze wasomaji. Niliwapoteza. Walirudi kwao kama walivyokuja. Waliobaki ni wale walionijua kabla, si wote, na wa kwanza kuandika alikuwa Bi Rukia. Hakuuliza chochote. Aliandika, "Nitumie kama kawaida, na mwambie bibi wa uteo ndengu zake hazina jiwe." Nilimsomea Mama Mutinda, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Biashara yangu ninayoendesha hadi leo imejengwa juu ya watu wa namna hiyo, na ni wachache.

Lakini jambo lilikuwa limeshavuka Kyuso. Mutinda, mwanawe mkubwa, alikuwa anataka kuoa msichana wa Kilungu aitwaye Mwende, na Desemba walipaswa kupeleka mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao Mkamba asipowapeleka hana mke hata akizaa naye watoto kumi. Wiki moja kabla, baba ya Mwende alipeleka ujumbe kwamba wasije. Jirani yake alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Alisema hawezi kumtoa binti yake kutoka kwenye milima yenye machungwa na maji ampeleke kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba analala njaa, halafu kesho wamwone binti naye kwenye simu ameinama hivyo. Mutinda alikuja na mama yake chumbani kwangu, akakaa juu ya gunia. Mama yake hakuketi. Aliniambia, "Mumbua, wageni walikuwa wako. Tutaenda wote, na mbuzi tutaenda nao." Na alivyokuwa akifunga kilemba nilijua hajalala vizuri tangu ujumbe ufike. Aliloweza kulivumilia kwake mwenyewe hakuweza kulivumilia kwa mtoto wake.

Kilungu tulipokelewa kwa adabu na hakuna kilichozidi adabu. Sebule ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, viti vimevikwa vitambaa vilivyofumwa, na mezani kulikuwa na chai bila kitu cha kutafuna, jambo ambalo Ukambani ni hotuba nzima. Mbuzi tulikuwa tumewaacha chini barabarani na binamu yake Mutinda, kwa sababu si vizuri kuwaingiza mbuzi mahali ambapo hawajakubaliwa. Mzee aliongea polepole. Alisema hana ubaya na mtu, yeye ni mzazi tu. Mimi nilianza kueleza kuhusu blogu, kuhusu Sheila, akanisimamisha kwa mkono. "Msichana, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Nataka kumuuliza huyu mama neno moja." Akamgeukia. "Mama Mutinda, hiyo siku walikupiga picha. Ni kweli ulikuwa hujakula, ama ni uongo?"

Nilimtazama. Angesema neno moja tu, nilifunga, na mambo yangekwisha. Angeweza pia kusema uongo mdogo, kwamba alikuwa amekula, na hakuna ambaye angejua. "Ni kweli," alisema. "Sikuwa nimekula." Mzee akauliza, "Kwa nini?" Mama Mutinda akaangalia kikombe chake. "Chakula kilikuwepo. Mimi ndio sikula." Mutinda alifunika uso kwa mkono. Damu ilinipanda kichwani, na nakiri sijawahi kuwachukia watu wengi kwa wakati mmoja kama nilivyowachukia pale, Sheila, vijana wa fulana, huyu mzee na kikombe chake, na hata huyu mama na Mungu wake asiyetaka kusemwa. Nilifungua mdomo, naye bila kunitazama akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaukandamiza.

Mama ya Mwende alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote huo. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye leso kiunoni. Aliuliza kutoka pale pale, "Ilikuwa siku gani hiyo?" Mimi ndiye niliyejibu. "Ilikuwa Ijumaa, mama. Ijumaa ya Novemba." Akaja mpaka katikati ya sebule. Alimtazama Mama Mutinda, na Mama Mutinda akamtazama, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kanisani na akina mama wa namna hiyo angejua kilichopita kati yao. Yule mama akavuta pumzi kama mtu anayetoa kitu ambacho hatakirudisha tena.

"Baba Mwende," alisema, "Ijumaa hizo za Novemba mimi nilikula saa ngapi?"

Mzee akakunja uso.

"Mimi pia sikula," mkewe akasema. "Nilikupikia wewe ukakula, mimi nikakaa. Hukuniuliza. Sasa wakinipiga picha mimi, utasema hii nyumba iko na njaa?"

Nje jogoo aliwika. Mama Mutinda alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye rinda lake zuri bila yeye kuyafuta, ilhali katika vumbi lote la mwaka ule sikuwa nimemwona akilia. Mzee aliangalia ukuta, akaangalia mke wake, akaangalia chai iliyokuwa imepoa mbele ya wageni bila kitu pembeni. Akakohoa.

"Na hao mbuzi," akauliza, "mmewaacha wapi?"